Dole Gumba Kwenye Pembe ya Karatasi

Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, anafunga mlango wa stoo kwa ndani, anapanda juu ya robota la mashuka machakavu, ananyanyua karatasi mbele ya kidirisha na kuanza kuisoma. Karatasi tupu, nasema. Haina herufi hata moja. Naye anaisoma huku midomo ikimtetemeka, mpaka anafika kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, na hapo ndipo damu inapomchemka. Ungemwona ungesema huyu kesharukwa na akili. Wapi! Alikuwa na wivu tu, na wivu wa watu wa kazi ile una njia zake.

Kazini walimwita Daktari. Shule yenyewe aliiacha mapema, na dawa pekee aliyoijua ilikuwa ya kikohozi. Waliliona jina hilo linamfaa kwa sababu kutwa alikuwa anapasua. Alisimama kwenye mashine yenye meno ya chuma, akailisha nguo kuukuu kwa mbele, nayo ikazitoa kwa nyuma zikiwa nyuzi. Watani wakipita mlangoni walimuuliza kama mgonjwa amepona, wakimaanisha suruali.

Karakana yao ilipokea kila nguo iliyokosa pa kwenda, mradi imetokana na mmea. Vipande vinavyobaki chini ya cherehani za washonaji, mashuka ya hospitali yaliyopauka, mapazia ya kitani, magunia ya katani yaliyotoboka, vyote vilikuja pale. Vikishapasuliwa vilichemshwa na magadi, vikasagwa kwenye kinu mpaka vikawa rojo jeupe kama uji mwepesi. Rojo lilimiminwa kwenye hodhi la saruji, na humo ndimo zilimotoka karatasi nene za vyeti, majalada ya vitabu na maboksi ya viatu. Mtu alipokea cheti chake cha kuhitimu asijue kwamba ameshika shuka ambalo pengine babu yake alilazwa juu yake.

Hodhini husimama watu wawili, siku zote wawili. Mmoja ni mchotaji. Anazamisha chekeche, fremu ya mbao yenye wavu, ndani ya rojo, analitoa, analitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, maji yanachuruzika na nyuzi zinabaki zimelala juu ya wavu. Wa pili ni mlazaji. Anapokea lile chekeche, analigeuza juu ya blanketi lililolowa, kisha analiinua taratibu, na karatasi inabaki imelala pale. Mlazaji akiwahi, inachanika. Mchotaji akichelewa, rojo linatuama upande mmoja. Kwa hiyo wawili hao huinama pamoja na kunyooka pamoja, na wakishazoeana hawahitaji hata kusemezana. Na pale, jamani, pale hodhini, ndipo Daktari alipopatia mke.

Enzi hizo yeye ndiye alikuwa mchotaji. Yule binti aliletwa kama mlazaji mgeni, na siku za mwanzo alizichana karatasi mpaka machozi yakamlengalenga. Daktari hakumkaripia hata mara moja. Alichota nyingine, akampa, akachota nyingine, akampa. Siku moja karatasi ikalala nzima, ya pili ikalala, ya tatu ikalala, na binti akainua uso akamtazama kwa namna ambayo Daktari alikuwa akiisimulia miaka yote baadaye, kila mara akiitia chumvi kidogo. Walipooana, Bosi wao, mama wa maneno machache, aliwazawadia robota zima la karatasi mbovu, zile zilizojikunja au kutoboka ambazo hazikufaa kuuzwa. Wakazibandika darini kwao, chini ya bati lililokuwa likiwakaanga mchana. Mke alipenda kuwaambia wageni kwamba wao wanalala chini ya kazi ya mikono yao.

Halafu baiskeli ikamwangusha. Bega la kulia likachomoka, likarudishwa, lakini mkono haukukubali tena kupanda juu ya bega. Na chekeche lililojaa maji si kitu cha kubembelezana nacho. Bosi akamhamishia stoo, kwenye mashine ya kupasua. Hodhini, mahali pake, mbele ya mkewe, akasimamishwa kijana waliyemwita Mtanashati.

Huyo Mtanashati! Mahali ambapo kila mtu amerukiwa na rojo mpaka kwenye kope, yeye alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likawa na mistari. Mfuko wa nyuma una kitana. Nywele zina mafuta. Anakuja kuchota rojo utadhani anakwenda kuposa. Na tangu siku ya kwanza alimwita mke wa Daktari dada, na Daktari mwenyewe akamwita shemeji. "Shemeji, habari za asubuhi?" Shemeji ya nani? Dada yako nani hapa? Daktari aliyasema hayo moyoni, mdomoni akajibu kwamba ni nzuri.

Ukuta wa stoo ulikuwa na tundu, tofali moja lilikuwa limemeguka, na tundu lile lilitazama hodhini moja kwa moja. Mungu naye ana mambo yake. Daktari akawa anapiga chabo kazini kwake mwenyewe. Mashine ikinguruma hakusikia kitu, aliona midomo tu, mkewe anasema neno, Mtanashati anasema neno, halafu mabega ya wote wawili yanatikisika. Akizima mashine asikie, kimya. Wanachota na kulaza kama watu wa msibani. Akiwasha, mabega haya hapa yanatikisika tena.

Na nje ya mlango wa stoo aliketi Bibi Vifungo, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kung'oa vifungo na zipu kabla nguo hazijaingia kwenye mashine. Mikono yake ilikuwa na kazi ila mdomo haukuwa nayo, basi akautafutia. Alimwambia Daktari kwamba mkewe na yule kijana wamepatana mikono. Alisema ukiwatazama unasikia usingizi kwa jinsi wanavyokwenda sawa. Akang'oa kifungo, akakitupa kwenye kopo, akaongeza kwamba hata enzi zake yeye Daktari mambo hayakuwa laini hivyo. Daktari akacheka ha-ha, akaingia ndani, akawasha mashine.

Sasa sikiliza jinsi alivyojifunza kusoma karatasi tupu. Karatasi inayotoka vizuri hukaushwa, hukatwa kingo zote nne, hupakiwa, huenda zake. Mbovu haikatwi. Inarudi stoo na kingo zake zote ili ipasuliwe upya, irudi kuwa rojo. Kwa hiyo kila jioni Daktari aliletewa rundo la mabovu ya siku ile, yaani makosa yote ya mkewe na Mtanashati, mkononi mwake, karatasi kwa karatasi. Mtu mwingine angeyatupa kwenye mashine. Yeye akaanza kuyatazama.

Aliyajua makosa yale, alikuwa bingwa wa kazi. Mawimbi katikati ya karatasi ni mikono iliyotetemeka, na mikono ya mchotaji mzoefu itatetemeshwa na nini kama si kicheko? Basi hapa walicheka. Vidoa vya matone ni mkono uliolowa uliopita juu ya karatasi. Na mkono huo ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa unamfuta nani jasho? Karatasi iliyochanika katikati, hapo mlazaji macho hayakuwa kwenye kazi. Yalikuwa kwa nani?

Nyumbani akawa anahoji kama karani wa mahakama.

"Leo mlikuwa mnacheka nini?"

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla ya chai."

Mkewe akamtazama, akajaribu kukumbuka, akakumbuka, na kicheko kikamtoka upya. Mtanashati aliinama akijichana, kitana kikamponyoka kikazama kwenye hodhi, na akakipekua kwenye rojo mpaka kiwiko kwa kuwa hawezi kurudi nyumbani bila kuchana nywele. Mwanamke akacheka mpaka akashika mlango. Sasa mume mwenye akili zake angecheka naye. Daktari aliuliza kitana hicho kina rangi gani, na yeye amejuaje.

Lakini kilichommaliza kabisa kilikuwa kwenye pembe. Alianza kukiona kwenye karatasi moja, akakiona kwenye ya pili, na baadaye akakitafuta na kukipata kwenye kila bovu lililoletwa. Pembe ya chini, kulia, palikuwa na kishimo kidogo, kama mbegu ya boga ilibonyezwa pale, na kando yake nyuzi zimejikusanya zikawa nene. Ni alama ya dole gumba. Mtu alibonyeza pale kwa makusudi, karatasi ingali mbichi, kabla ya kumpa mlazaji.

Karatasi moja, unasema bahati mbaya. Kila karatasi? Hapana. Hiyo ilikuwa ishara. Yule kijana alikuwa akimwachia mke wa mtu alama mbele ya watu wote, kutwa nzima, na mwanamke anaipokea na kuilaza. Kisha kwenye karatasi nzuri kingo zinakatwa, alama inaondoka, na dunia nzima haijui. Ujanja ulioje! Daktari akawa anaficha mabovu yale nyuma ya mashine, ndani ya gunia la katani, ushahidi unaongezeka kila siku. Jioni alijilaza kitandani viatu miguuni, akakodolea macho dari ile ya karatasi za ujana wao, akawaza kwamba mwanamke huyu alizilaza hizi akiwa wangu. Roho ilimuuma mpaka chakula kikawa hakipiti.

Na kumuuliza kuhusu alama hakumuuliza. Kitana aliuliza, vicheko aliuliza, hilo la pembe alilimeza. Aliogopa atajibiwa. Alitaka jambo moja tu, wale wawili watenganishwe, na litokee bila yeye kuonekana anaomba. Mume anayemwomba bosi amtenganishe mkewe na kijana wa kitana, atauweka wapi uso wake?

Ndipo yakaja mashuka ya nyumba ya wageni.

Kazi ya Daktari haikuwa kulisha mashine peke yake. Yeye ndiye alikuwa mlango. Kila robota jipya alichomoa uzi, akauwasha kiberiti. Uzi wa pamba huwaka haraka, unanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalopeperuka. Uzi wa nailoni haukubali kuwa jivu, unajikunja, unanuka plastiki, na mwishoni unabaki kidonge kigumu cheusi. Nailoni ikiingia kwenye rojo ni balaa. Haishikamani na wenzake, inasimama juu ya karatasi kama nywele za mgonjwa, na wino ukipita unatawanyika. Kwa hiyo penye kidonge, robota linarudi lilikotoka. Hata mtoto wa karakana ile alilijua hilo.

Mashuka yalikuwa meupe, laini, kwa macho ni pamba tupu. Bibi Vifungo alikuwa hana la kung'oa, akayapitisha. Daktari akachomoa uzi, akauwasha, ukajikunja. Akausubiri upoe, akausugua kati ya vidole. Kidonge. Akachungulia kwenye tundu. Mkewe alikuwa anasema kitu, Mtanashati ameinamisha kichwa anasikiliza, na chekeche linapita kati yao kutoka mkono hadi mkono, bila hata kutazamana. Daktari akakidondosha kile kidonge chini, akakifunika kwa kiatu, akawasha mashine. Akayalisha mashuka yote.

Karatasi zilizotoka zilikuwa za vyeti vya chuo cha ufundi, na siku ya kuwatunuku vijana ilikuwa imekaribia. Mchapishaji alizirudisha zote. Majina yametawanyika, nywele zimesimama, mhuri haukamatiki. Bosi akazimwaga juu ya meza mbele ya watu wote na kumgeukia Daktari kwanza, maana yeye ndiye mlango. Je, alichoma uzi? Daktari akasema alichoma. Uzi ulifanya nini? Ulifanya jivu, Bosi. Alisema vile bila kupepesa, na Bosi, aliyemjua kwa miaka mingi, akamwamini palepale.

Basi likabaki hodhi. Bosi akasema nailoni itakuwa iliokotwa na mablanketi, maana nje huko yanaanikwa penye takataka zote, na mlazaji ndiye mwenye kuyakagua mablanketi. Tena hata kama ilitoka kuzimu, mlazaji ndiye anayeigusa karatasi mwisho, angezisikia nywele zile kwa vidole. Alikuwa wapi? Anapiga soga? Mchotaji hapatikani kirahisi, huyo atabaki. Mlazaji atatafutwa mwingine. Na mama huyu, kuanzia kesho, atakwenda uani kufua mablanketi.

Mke wa Daktari hakujitetea. Aliokota karatasi moja pale mezani, akapitisha vidole juu yake, akaung'oa unywele mmoja uliosimama, akausokota, akauweka mfukoni mwa aproni. Hakumtazama mumewe. Mtanashati alifungua mdomo aseme kitu, Bosi akamnyamazisha kwa jicho.

Daktari, nisikufiche, alifurahi. Aibu yake. Siku ile ya kwanza alichungulia kwenye tundu akamwona Mtanashati na mlazaji mpya, mama mmoja mnene, wanagombana na karatasi zinachanika, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu baiskeli imwangushe. Jioni alikula akashiba. Siku ya pili alipita uani. Mkewe alikuwa ameinama kwenye pipa la mablanketi, anakamua, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na hapakuwa na mtu wa kusema naye. Blanketi likilowa linamzidi mwanamke nguvu, ilimbidi alikumbatie. Alipomwona mumewe amesimama, akageukia upande wa pili na kuendelea kukamua. Mwanamke huyu hakuwa na kipaji kingine duniani ila kulaza karatasi. Alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba akiondolewa hodhini heri akae nyumbani ahesabu kunguru. Daktari alikuwa amesahau hilo, au tuseme hakutaka kulikumbuka.

Siku ya mapumziko watoto walikuwa wamekwenda kwa shangazi yao. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani. Mkewe akaketi kwenye kiti, akatoa ule unywele mfukoni, akawasha kiberiti. Ukajikunja. Akaweka kile kidonge juu ya meza kati yao.

"Ulichoma uzi, baba watoto?"

"Nilichoma."

"Na uzi ukafanya kidonge."

Hakuuliza, alisema.

"Wewe unajua nailoni kwa kunusa tu. Mtu akipita barabarani unajua shati lake. Nimekaa uani nakamua mablanketi nawaza, huyu mtu nimemkosea nini? Niambie. Nimekukosea nini?"

Hapo ndipo lilipopasuka. Daktari akatoka, akarudi na gunia, maana alikuwa ameshalihamishia nyumbani, chini ya ngazi, mwenye ushahidi hulala nao karibu. Akayamwaga mabovu juu ya kitanda. Akamwonyesha pembe moja baada ya nyingine, sauti inapanda. Hiki ni nini? Na hiki? Kila karatasi! Yeye si mtoto, na si kipofu. Anajua kazi. Huyo mshenzi wa kitana anamwachia mke wa mtu alama, na mke wa mtu anazipokea, na yeye mume anatafunwa huko stoo kama suruali.

Mkewe aliishika karatasi moja. Aliitazama pembe ile kwa muda, na uso wake ukafanya kitu ambacho Daktari hakukitegemea. Haukuogopa. Ulichoka.

"Hii ni yako," akasema.

"Yangu vipi?"

"Ni mkono wako. Wewe ukitoa chekeche majini, dole gumba lako lilikuwa linaruka ukingo linabana pembe hii. Kila karatasi. Pembe ikibanwa inatoa maji, inakuwa ya kwanza kushika blanketi. Mimi nilijifunza kulaza kwa kuanzia hapo, sijui kwingine. Alipokuja yule kijana, karatasi zote zilinichanikia kama siku ile ya kwanza, sina pa kuanzia. Nikamwambia, bana hapa. Bana kama mume wangu. Tumekaa wiki nzima namfundisha mkono wako."

Daktari akasema hajawahi kubana pembe yoyote maishani mwake. Na hakuwa anadanganya, maana mchotaji hazioni karatasi zake zikikauka. Akishaitoa moja macho yanarudi kwenye rojo kuitafuta nyingine, na nzuri zinakatwa kingo, na mabovu ya wakati ule alikuwa akiyapasua mtu mwingine.

Mkewe hakubishana naye. Alionyesha juu kwa kidole.

Daktari akapanda kitandani. Huko juu jua halikufika, na miaka yote aliiangalia dari ile akiwa chali, kwa mbali, na siku hizi kwa hasira. Sasa alisogeza uso karibu. Mkono wa kulia haukufika, bega lilikataa njiani, akanyoosha wa kushoto na kupapasa. Karatasi ya kwanza, pembeni, kishimo. Ya pili, kishimo. Akasogea kwa magoti juu ya godoro, akipapasa kama kipofu, ya tatu, ya nne, hadi ukutani, kila moja ina kishimo chake kidogo na nyuzi zimejikusanya kando. Miaka yote alikuwa amelala chini ya dole gumba lake mwenyewe.

"Umeninyang'anya hodhi," mkewe alisema kutoka kwenye kiti, "kwa kuuonea wivu mkono wako."

Hakupaza sauti. Akakusanya yale mabovu, akayarudisha gunini, akafunga mdomo wa gunia, akamwambia mumewe kwamba kesho ni yeye mume atakayekwenda kwa Bosi. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Akienda mwanamke itakuwa fitina ya nyumbani. Kisha akaingia jikoni, na wala usidhani walikumbatiana.

Kesho yake Daktari alisema mbele ya watu wote, kwa kuwa alidanganya mbele ya watu wote. Alisema uzi ulifanya kidonge na yeye akauona. Bosi akamuuliza sababu. Akajikaza kisabuni akasema ni wivu. Kisha Bibi Vifungo akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, na wengine wakaangalia viatu vyao.

Mtanashati, maskini, ndiye aliyeona aibu kuliko mwenye kosa. Alimfuata kando akamwambia, "Shemeji, kama dole gumba linakukera, naweza kujaribu kubana na kidole kingine." Na alikuwa anasema kweli kabisa, amekwisha kukinyoosha kidole chenyewe. Daktari akamtazama, akatazama kitana kwenye mfuko wa nyuma, akamwambia aendelee na dole gumba. Alilisema hilo meno yameumana.

Mke wake akarudi hodhini siku hiyohiyo. Yeye Daktari mashine akanyang'anywa, kwani mlango unaofunguka kwa makusudi, Bosi alisema, si mlango tena. Hakumfukuza. Alimweka nje, mezani kwa Bibi Vifungo, ang'oe vifungo, mpaka hapo atakapoona vinginevyo. Na kutoka meza ile, jamani, hodhi linaonekana lote, wala huhitaji tundu.

Sasa usifikiri wivu ulimtoka. Wivu haung'oki kama kifungo. Alikaa pale akatazama chekeche likizama na kuibuka, dole gumba la Mtanashati likiruka ukingo na kubana pembe, mkewe akilipokea chekeche na kuanzia palepale bila kutazama, na roho ikamuuma kuliko zamani. Kwanza alidhani anaibiwa mke. Sasa alikuwa anaona kilichokuwa chake, kizima, kinafanya kazi vizuri, na yeye hayumo.

Bibi Vifungo alikuwa ameshamaliza mashati yake akaanza kumtazama yeye.

"Daktari," akasema, "hilo shati ni kavu. Unalikamua nini?"

Daktari akaangalia chini. Kila shati alilokuwa amelimaliza na kulitupa kwenye rundo lilikuwa na mkunjo mdogo penye pembe ya chini, upande wa kulia, na hilo lililokuwa mkononi mwake lilikuwa bado limebanwa na dole gumba lake. Alipoinua uso, mkewe alikuwa amesimama hodhini na chekeche mikononi, anamtazama, na karatasi ilikuwa inasubiri kulazwa.